Kigawo, Kigawe na Namba Tasa: Uhakiki wa Maneno Matatu ya Hesabu

Wachunguzi wa lugha yetu aghalabu hupenda kuyapima maneno ya ushairi, ya dini na ya sheria. Maneno ya hesabu huachiwa waalimu wa hesabu, na waalimu wa hesabu nao huyapokea kama walivyoyakuta kitabuni, kwa kuwa kazi yao ni namba wala si maneno. Basi maneno hayo yamekaa katikati kama mtoto asiye na mwenyewe, na ni nadra kupata mtu wa kuuliza yameumbwaje na kama yanafanya kazi iliyokusudiwa. Katika makala hii nataka kuyatazama matatu tu: kigawo, kigawe na tasa. Ni maneno ya shule ya msingi, lakini si maneno madogo. Kwa mamilioni ya watoto waliosomeshwa kwa Kiswahili nchini Tanzania tangu miaka ya 1960, hayo ndiyo maneno ya kwanza kuwaonyesha kwamba hesabu ina mambo yake ya ndani, mbali na kujumlisha fedha za dukani.

Aliyenizindua ni mpwa wangu wa darasa la tano. Jioni moja alinijia na daftari lake. Alikuwa ameulizwa Kigawo Kikubwa cha Shirika cha 12 na 18, ambacho shuleni hufupishwa KKS, akajibu 6. Kisha akaulizwa Kigawe Kidogo cha Shirika cha namba hizo hizo, ambacho hufupishwa KDS, akajibu 36. Majibu yote mawili ni sahihi, na alitiwa alama za vema. Hata hivyo hakuridhika. Alinitazama akasema, “Mjomba, mbona kidogo ni kikubwa kuliko kikubwa?”

Kwa miaka kadhaa nimewafundisha wanafunzi wa chuo kikuu maumbo ya nomino zitokanazo na vitenzi, na shahada yangu ya udaktari niliipata ng’ambo kwa kazi ya namna hiyo hiyo. Nakiri kwamba sikuwa na jawabu la papo hapo. Nilimwambia arudi kesho.

Tuanze na umbo. Kitenzi ni gawa. Kutoka kwake waliounda istilahi walipata nomino mbili za ngeli moja, zinazotofautiana kwa irabu ya mwisho tu. Kigawo ni namba inayoigawa nyingine bila kubakiza kitu: 1, 2, 3, 4, 6 na 12 ni vigawo vya 12. Kigawe ni namba inayogawika kwa nyingine bila baki: 12, 24, 36, 48 na kuendelea bila kikomo ni vigawe vya 12. Mmoja hutenda, mwingine hutendwa. Kwa mtu wa sarufi jambo hili lapendeza mno. Irabu -e mwishoni mwa nomino ni alama ya kale ya mtendwa: mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, kiumbe ni kilichoumbwa, mshinde ni aliyeshindwa, na huenda hata mkate ni kilichokatwa. Irabu -o nayo mara nyingi huonyesha chombo cha kutendea: kizibo huziba, kifuniko hufunika, ufagio hufagia. Kwa hiyo kigawo hugawa na kigawe hugawiwa, na ukilitazama ubaoni hutaona dosari.

Lakini lugha haikai ubaoni. Kiambishi -e hiki kimekwisha poa. Hatuundi tena maneno mapya kwacho katika mazungumzo ya kila siku. Tukitaka kumtaja aliyetendewa twasema mpendwa, mshtakiwa, mteuliwa, kwa kutumia kitenzi cha kutendwa chenyewe. Msemaji wa leo akisikia mtume na mtumwa hahisi kwamba yote mawili ni watu waliotumwa. Kwake ni maneno mawili yaliyo mbalimbali kama mbingu na ardhi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hana njia ya kujua kwamba -e ya kigawe ni ndugu ya -e ya kiumbe. Waundaji wa istilahi walifukua mbegu nzuri ya zamani wakaipanda, lakini hawakumwambia mwenye shamba kwamba ni mbegu gani.

Na kuna jambo la sikio. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: kiGAwo, kiGAwe. Silabi ya mwisho hutamkwa kwa wepesi, na katika mazungumzo ya haraka hufifia. Yaani tofauti yote ya maana, mtenda na mtendwa, imetundikwa mahali dhaifu kuliko pote katika neno. Katika darasa lenye watoto wengi, mwalimu akisema kwa sauti iliyochoka, aliyeketi nyuma husikia ‘kigaw’ na kukisia kilichobaki. Ndugu zao kipeo na kipeuo wana kisa kama hicho hicho, na huko ni afadhali, kwani angalau silabi imeongezeka.

Haya yote yangevumilika kama si ufupisho. KKS na KDS: tazama herufi ya kwanza. Katika KKS, K ni kigawo. Katika KDS, K ni kigawe. Irabu ya mwisho, ambayo ndiyo peke yake iliyobeba tofauti, imekatwa ikatupwa, na maneno mawili yaliyo kinyume sasa yanawakilishwa kwa herufi moja. Kilichobaki kuonekana ni K ya kikubwa na D ya kidogo. Basi mtoto mwenye akili timamu atafikiri nini? Atafikiri kwamba kuna kitu kimoja, kina kikubwa chake na kidogo chake. Mpwa wangu hakuwa mjinga. Alikuwa ameusoma ufupisho huo kama unavyosema wenyewe, na ufupisho huo unasema uongo. Hakuambiwa kwamba kigawo hakiwezi kuizidi namba yake, na kwamba kigawe, tukiacha sifuri, hakiwezi kupungua chini yake. Kigawo kilicho kikubwa kabisa bado ni cha chini. Kigawe kilicho kidogo kabisa bado ni cha juu. Angeambiwa hivyo kwa maneno, swali lake lisingezaliwa.

Neno shirika nalo ni la kutazamwa. Lilitwaliwa kwa maana yake ya asili ya kushirikiana, namba mbili zikiwa na kitu zinachokimiliki pamoja, na kwa maana hiyo ni zuri. Ila katika masikio ya leo shirika ni la reli, la umeme, la nyumba. Nimewauliza watoto kadhaa. Wote walijua kupata KKS, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia shirika ni nini hapo. Nisingeona vibaya likisemwa ‘kigawo kikubwa cha pamoja’.

Isidhaniwe kwamba nimekuja kulalamika tu. Kamusi ya hesabu ya Kiswahili ina maneno ambayo lugha nyingine zingeyaonea wivu. Namba shufwa na namba witiri ni mfano. Maneno hayo hayakubuniwa na kamati. Yaliingia pamoja na ibada, na kila aliyesimama usiku kuswali witiri anajua mwilini mwake maana ya hesabu isiyogawika kwa mbili. Neno lililokuja na maisha halihitaji kukaririwa.

Hata dhana ya kigawo ilikuwa pwani kabla ya shule. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi. Kibaba huimaliza pishi kwa mara nne, kisaga huimaliza kwa mara mbili, pishi hujimaliza yenyewe kwa mara moja. Hivyo 1, 2 na 4, ndivyo vigawo vyote vya 4, wala hakuna kingine. Chombo cha vibaba vitatu hakikuwekwa, kwa kuwa hakiimalizi pishi, kingebakiza kibaba. Msomaji aliyepata kufungua kitabu cha saba cha Euclid, aliyeandika kwa Kiyunani huko Iskanderia karibu na mwaka 300 kabla ya Kristo, atakumbuka kwamba naye hasemi ‘kugawa’ hata kidogo. Husema ‘kupima’: namba ndogo ni sehemu ya namba kubwa ikiwa yaipima kikamilifu. Na namba ya kwanza, kwake, ni ile isiyopimwa na kitu isipokuwa umoja. Muuza mchele wa Unguja na Euclid wangeelewana kwa haraka kuliko mwalimu na mwanafunzi wake.

Nimesema namba ‘ya kwanza’, na hapa tumefika kwenye neno la tatu. Wayunani waliziita 2, 3, 5, 7, 11, 13 na wenzake namba za kwanza. Waarabu nao waliita awwali, ambalo ni neno lile lile letu la awali. Wafaransa na Wajerumani wamefuata. Sisi tumesema tasa.

Tasa ni mwanamke au mnyama asiyezaa. Ni neno zito. Katika vijiji vyetu limevunja ndoa na kuliza watu, na mwalimu wa kike asiyejaliwa mtoto hulitamka mbele ya darasa mara arobaini kwa wiki. Sitasema kwamba kwa sababu hiyo liondolewe. Lugha ya elimu ina haki ya kuazima hata maneno yenye machungu. Waarabu walikiita ‘kiziwi’ kipeuo kisichotoka sawasawa, na hakuna aliyedhurika. Swali langu ni la mantiki. Katika sitiari hii, nani anamzaa nani?

Yawezekana aliyelitunga aliwaza hivi: 12 ina 2, 3, 4 na 6 ndani yake, kama mama mwenye watoto tumboni, 13 haina kitu ndani yake ila moja na yenyewe, kwa hiyo ni tasa. Ni picha inayoeleweka. Lakini lugha yenyewe ya hesabu inaikataa. Tukizidisha 3 kwa 4, kinachopatikana, yaani 12, twakiita zao, na zao latokana na zaa. Kwa hiyo 3 na 4 ndio wazazi, na 12 ndiye mtoto. Sasa 3, mzazi wa 12, na wa 6, na wa 9, na wa vigawe visivyo na mwisho, anaitwaje tasa? Kinyume chake ndicho kweli. Kila namba nzima inayozidi 1, kama si tasa yenyewe, huundwa kwa kuzidisha namba tasa, na huundwa kwa njia moja tu, tusipojali mpangilio: 12 ni 2 × 2 × 3, na 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, wala hakuna mkusanyo mwingine wa tasa utakaozaa 60. Tasa ndizo mama wa namba zote. Shuleni watoto huambiwa watafute ‘vigawo tasa’ vya namba fulani, yaani wazazi tasa wa mtoto aliye hai, na hakuna anayecheka.

Euclid alithibitisha pia, katika kitabu chake cha tisa, kwamba namba hizi haziishi: orodha yoyote utakayoleta, nitakuonyesha kwamba kuna nyingine nje yake. Zidisha zote za orodha hiyo, kisha ongeza 1. Namba utakayoipata haigawiki kwa hata mojawapo ya zile za orodha, kwani kila moja itabakiza 1. Basi ama ni tasa yenyewe, ama ina kigawo tasa ambacho hukukiandika. Kwa mfano 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 na kuongeza 1 ni 30031. Hii si tasa, ni 59 × 509, lakini tazama: 59 na 509 hazikuwamo. Ukoo wa tasa usiokwisha! Ningependelea ‘namba awali’. Hata hivyo najua kwamba neno likishazoeleka halitoki kwa hoja ya mhadhiri mmoja, na tasa lina fadhila moja isiyokanushika: mtoto akilisikia mara moja halisahau.

Nisichoweza kulisamehe ni fasili inayoandamana nalo. Aghalabu huandikwa kwamba namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Sasa chukua 1. Yagawanyika kwa moja. Yagawanyika kwa yenyewe. Haigawanyiki kwa nyingine. Kwa fasili hiyo 1 ni tasa, na mtoto atakayeiandika hivyo atakoseshwa na mwalimu aliyemfundisha fasili hiyo hiyo. Sisemi haya kwa kusikia. Mimi mwenyewe nilikoseshwa hivyo nikiwa darasa la sita, na nilipouliza sababu niliambiwa nikae chini. Wakubwa nao wamepata kuteleza: Goldbach, katika barua yake mashuhuri ya mwaka 1742, aliihesabu 1 miongoni mwa namba hizi, na D. N. Lehmer wa Marekani, alipochapisha orodha yake kubwa mwaka 1914, aliianza kwa 1.

Sababu ya kuitoa 1 si ukaidi wa wataalamu. Ikiwa 1 ni tasa, basi 12 ni 2 × 2 × 3, tena ni 1 × 2 × 2 × 3, tena ni 1 × 1 × 2 × 2 × 3, na ile njia moja tuliyoitaja imekuwa njia zisizo na idadi. Kwa hiyo fasili iandikwe: namba tasa ni namba nzima yenye vigawo viwili tu vilivyo mbalimbali. Namba 1 ina kigawo kimoja, imetoka. Namba 2 ina viwili, imeingia, nayo ni shufwa pekee iliyomo. Neno ‘viwili’ linafanya kazi ambayo ‘moja na yenyewe’ haliwezi kuifanya.

Fasili mbaya huzaa pia upimaji mbaya. Niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, watu wazima waliofaulu mitihani, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, 1961, niwaulize kama ni tasa. Wengi walijaribu 2, 3, 5, 7, labda 11, wakasema ndiyo. Nikawapa 1963, mwaka wa uhuru wa Unguja na wa Kenya. Wakasema ndiyo tena. Zote mbili si tasa. Namba 1963 ni 13 × 151, na 1961 ni 37 × 53. Walikosea kwa kuwa hawakujua wapi pa kusimama, na hawakujua kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba vigawo hutembea wawili wawili. Hapa ndipo irabu -o niliyoilaumu yageuka kuwa na baraka. Maana -o si ya chombo tu. Ni ya matokeo pia, kama pato, funzo na wazo, na neno moja kifungo laweza kuwa cha shati au cha miaka miwili gerezani. Basi kigawo chaweza kusomwa ‘kinachogawa’ au ‘kinachopatikana katika kugawa’. Gawa 12 kwa 3 upate 4: kinachogawa ni kigawo cha 12, na kinachopatikana ni kigawo cha 12 pia. Maana zote mbili ni kweli, sharti pasiwe na baki.

Na kwa kuwa hutembea wawili wawili, haiwezekani wote wawili wakizidi kipeuo cha pili cha namba yenyewe, kwani wakizidishwa wangeipita. Mmoja wao lazima awe chini yake au sawa nacho. Sasa 44 × 44 ni 1936, na 45 × 45 ni 2025, kwa hiyo anayeipima 1961 lazima ajaribu tasa zote mpaka 43, na akifika hapo bila kupata kitu atangaze kwa moyo mkunjufu. Kwa 7 hubaki 1, kwa 11 hubaki 3, kwa 19 hubaki 4. Ni namba yenye hila. Hufunguka kwa 37, tasa ya kumi na mbili. Namba 1001, iliyo maarufu kwetu kwa masimulizi ya Alfu Lela Ulela, haina ukaidi huo. Ukitoa na kuongeza tarakimu zake kwa zamu, 1 – 0 + 0 – 1, wapata sifuri, nayo ni dalili ya 11. Kisha 91 iliyobaki ni 7 × 13.

Njia ya kale ya kuzipata tasa zote mpaka kikomo fulani inahusishwa na Eratosthenes, aliyekuwa msimamizi wa maktaba ya Iskanderia: andika namba zote kuanzia 2, futa vigawe vya 2 isipokuwa 2 yenyewe, kisha vya 3, vya 5, na kuendelea. Imezoeleka kuiita chekeche. Kwangu mimi ungo ungefaa zaidi. Chekeche hupitisha laini na kuzuia chenga, na mtu huweza kuuliza ni ipi aliyoitaka. Ungo hupepeta: makapi huruka mzunguko baada ya mzunguko, na punje hubaki. Hivyo ndivyo vigawe vinavyoruka. Lakini hili ni la ladha, silishikilii.

Jambo la mwisho si la ladha. Katika vitabu vyetu kupima kama namba ni tasa na kutafuta vigawo vyake huhesabiwa kazi moja. Kwa namba ndogo ni kweli. Kwa namba kubwa ni kazi mbili zenye ugumu mbalimbali kabisa. Tangu mwaka 2002 wanajua wataalamu, kwa kazi ya Agrawal, Kayal na Saxena wa Kanpur, India, kwamba swali la kwanza laweza kujibiwa kwa hatua ambazo hazifurumi ovyo namba inapokua, pasipo kukisia. La pili bado halijapatiwa njia ya namna hiyo kwa kompyuta tulizozizoea, na siri nyingi za mawasiliano zimejengwa juu ya ugumu wake. Twaweza kujua kwa yakini kwamba namba ina wazazi bila kuwajua wazazi wake. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa tasa yenye tarakimu 41,024,320, nayo ni 2 iliyopandishwa kwenye kipeo cha 136,279,841 kisha ikapunguzwa 1. Kwa kazi ya kwanza tunahitaji neno letu lisilo la hospitali, maana ‘kupima utasa’ hupeleka akili kwa daktari. Kwa ya pili ‘kuvunja namba’ lingetosha.

Kwa hiyo napendekeza kwa wanaosimamia istilahi na vitabu mambo haya. Kigawo na kigawe vibaki, lakini siku ya kwanza vifundishwe pamoja na kizibo na kiumbe, ili mtoto aone irabu zinavyofanya kazi. KKS na KDS ziondolewe kabisa. Wino unaookolewa hauna thamani ya mkanganyiko unaoletwa. Tasa libaki, na fasili yake ibadilishwe katika chapa zijazo.

Mpwa wangu alirudi kesho yake kama tulivyopatana. Nilimwekea mezani kikombe kimoja cha mchele na sufuria, nikamwambia apime. Baada ya muda alisema, “Kumbe moja iko ndani na nyingine iko nje.” Kisha akaniuliza sifuri ni kigawe cha nani.